Haya, Sema

Mama anasema pua yake aliiacha
katika chumba cha kufulia cha hospitali.
Si pua yenyewe; hiyo ipo, pana,
imekaa usoni kama mwenye nyumba.
Ni kazi yake iliyokwisha.
Miaka thelathini na mmoja ya jiki na mashuka ya wazazi,
kisha mafua ya Julai moja,
na alipopona, chai ilikuwa maji ya moto,
vitunguu vilikuwa kelele tu kwenye sufuria.

Jumapili nikampeleka Karen, bustani ya lavenda.
Tiketi shilingi mia saba, wazee nusu bei.
"Afadhali," akasema, "maana sinusi hata robo."

Langoni pana bango: kilima cha Ufaransa,
zambarau mpaka macho yachoke, nyumba moja ya mawe,
na bibi mwenye kofia pana ameinamia maua
kama anayetafuta hereni iliyoanguka.
Kwetu ni mistari kumi na minne,
ukuta wa jirani, tangi la maji,
na kindege cha Wilson kikikuna mawingu.

Kijana wa kututembeza anaitwa Parsaloi.
Anasema nyuki wa hapa huamka kabla yake,
kwamba maua hupikwa kwa mvuke katika mtungi wa shaba,
gunia zima likatoa kikombe, tena kisijae.
Ufaransa hajafika.
"Lakini nikifika usiku," anasema, "sitauliza njia."

Mama akachuma kishada, akakisugua kiganjani,
akakileta puani kwa adabu
kama mtu anayepokea simu iliyokatika.
Akanigeukia: "Haya, sema."

Nikasema, ni kama sabuni.
"Sabuni gani? Mimi nimefua kwa sabuni sita."
Nikasema, kama shuka linalopigwa pasi na bado lina unyevu.
"Huo ni moto, si ua."
Nikasema ni baridi, baridi yenye utamu kidogo,
kama kufungua kabati la mtu anayekupenda
bila kumwomba ruhusa.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
"Endelea na hilo kabati."

Tukaenda hivyo, mstari kwa mstari.
Rosmeri: msumari uliochovywa kwenye maji ya limau.
Mnanaa: dirisha.
"Dirisha tu?"
Dirisha tu, mama, limefunguliwa ghafla.
Kwa mrehani nilishindwa. Nikasema "kijani," nikaona haya.
Lugha yetu ina udi na uturi, marashi na manukato,
ina kunuka na ina kunukia,
na kati ya hayo mawili ni herufi moja, kizingiti;
lakini harufu yenyewe ikikusimamia mbele
unabaki kuwaita majirani zake.

Dukani vichupa vya kidole, vimefungwa utepe,
bei ya gunia la makaa.
"Ninunue nini hapa," akauliza, "utepe?"

Karibu na maegesho, nje ya ua,
Parsaloi akavunja tawi la leleshwa, majani ya kijivu.
"Hili halina tiketi. Babu yangu alilitia kwapani,
akaenda kuposa."
Mama hakulinusa. Alilitia kifuani, ndani ya nguo,
akafunga kifungo cha juu
kama mtu aliyeambiwa siri asiyoielewa
na ameamua kuitunza.

Jioni, Umoja, umeme umepotea.
Jirani yetu Kavindu akaja kuazima chumvi,
akasimama mlangoni, mkono juu ya kitasa.
"Nani humu ananukia?"
Gizani nikasikia kiti kikilia.
"Ni mimi," mama akasema, upesi,
kama mtoto aliyeitwa jina shuleni.
Halafu, polepole: "Nanukia nini?"

Kavindu hakufikiri. Alikuwa na mboga motoni.
"Unanukia kama mtu aliyetoka mahali," akasema,
akachukua chumvi, akaenda.

Mama hakunawa mkono ule.
Alikula kwa kijiko.