Shibiri Moja

Mtambo wa pili, Micheweni. Bawa la tatu.
Nimepanda vidato mia mbili na arubaini, nimehesabu,
kwa kuwa Shaame alisema ni mia mbili thelathini na nane
na mie simwamini Shaame kwa kitu asichokishika kwa spana.

Ndani ya kitovu mna joto la tanuri la mofa.
Nafungua kifuniko, natia kidole, naichota grisi.
Ilitiwa nyeupe kama kasimele.
Imetoka rangi ya kutu. Naisaga baina ya vidole: ina mchanga.
Mchanga huo si wa pwani.
Ni chuma kimejitafuna.

Watu hudhani kinacholika ni kile kinachozunguka.
Sivyo. Beringi kuu, ya usiku na mchana, ni nzima,
inang'aa kama jicho la changu wa leo.
Inayolika ni hii ya shina la bawa,
isiyopata hata siku moja kumaliza duara:
inakwenda shibiri, inarudi shibiri,
bawa likijipinda kidogo kuutaka upepo, kidogo kuukwepa,
gololi zile zile juu ya pahala pale pale,
na grisi iliyosukumwa kando haipewi nafasi ya kurudi.
Breki ikifungwa ndiyo vibaya zaidi.
Mtambo umepumzika, wanasema walio chini,
nao unatetemeka papo hapo,
kila gololi inajichimbia kikaburi chake.

Vishimo kumi na saba. Nimeandika.

Kutoka kidirishani naona machimbo ya kokoto,
vibanda vya magunia, mafungu meupe yanayongoja lori.
Kanga ya manjano ni mama yangu.
Nyundo juu, shibiri. Nyundo chini, shibiri.
Miaka thelathini na mmoja.

Daktari wa Wete alimwambia bega limelika,
akampa dawa ya kuchua na agizo moja:
lizungushe, duara zima, kila siku, japo mara moja.
Mama alicheka njia nzima.
"Nizungushe mkono hewani? Debe atanilipa nani?"

Nimeuwekea mtambo amri.
Saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujakaza,
bawa moja moja ligeuke lote hadi mwisho wake, kisha lirudi.
Hapati mtu umeme wa hata taa ya chooni kwa mgeuko huo.
Ni grisi tu, irudi palipokauka.
Ofisi ya Unguja imeuliza: dakika hizo nne ni hasara ya nani?
Sijawajibu.

Vishimo havizibiki. Hilo nalo nimeliandika.
Linalowezekana ni visizidi.

Usiku, juu ya mkeka, mafuta ya mkarafuu.
Natia kiganja chini ya kiwiko chake, naupandisha mkono.
Unapita shibiri. Unapita pale nyundo ilipokuwa ikiishia.
Hapo bega linasema neno, nalisikia kwa vidole.
"Basi, Kaije."
Bado robo, mama.
Ananitukana tusi la kwao Makangale ambalo siliandiki,
na mkono unafika,
juu ya kichwa, vidole wazi, hauna jiwe wala nyundo,
mkono wa mtu asiyeketi darasani hata siku moja,
kama mwanafunzi anayejua jawabu.

Tunakaa hivyo kidogo.
"Haya, teremsha," anasema. "Kesho kuna lori."