Viunzi Vitatu, Mbale

Duka la Amugune lina mashine ya kunakili,
rafu ya shajara za mwaka juzi
na kiti kimoja, cha mwenye msiba.
Mimi hukaa juu ya kreti ya soda, kipakata magotini.
"Nijengee tovuti ya tanzia," alisema,
"watu wa Nairobi na Doha wajue nani katutoka
kabla kaburi halijachimbwa."
Mfumo wa kuhifadhi maneno tulishaafikiana.
Limebaki suala la kiunzi:
mifupa gani ibebe majina haya.

Cha kwanza kilikuja kimevaa suti.
Picha inafifia, inarudi, maua yanateleza pembeni;
Amugune alipokiona alivua kofia
kana kwamba maiti yumo ndani.
Tukakijaribu kwenye simu ya Kavetsa, muuza ndizi wa mkabala,
kioo kina ufa, bando la shilingi kumi.
Gurudumu likazunguka.
Likazunguka.
Akahudumia wateja wawili, akarudisha chenji,
gurudumu bado.
"Huyu wenu," akasema, "atazikwa kwanza ndipo afunguke."
Nikakifuta.

Cha pili ni chepesi, kina adabu,
safu zimenyooka kama michai ya Mudete,
kila neno na chumba chake:
jina, umri, mke, watoto, siku, mahali.
Nikakijaza kwa karatasi iliyokuwa mezani,
mzee Kisia wa Wodanga, fundi mabati,
miaka themanini na miwili.
Mke: Imali.
Kisha nikatafuta pa kumweka Kageha.
Kisha pa kumweka yule wa tatu
ambaye karatasi inamwita tu Mama Busia.
Tundu la mke ni moja.
Nikatafuta alama ya kujumlisha, hamna.
Nikafungua faili za ndani, mabano juu ya mabano,
nikagusa mstari mmoja tu
na ukurasa mzima ukawa mweupe
kama ukuta uliopigwa chokaa jana.
Waliokichonga, popote walipo,
hawajawahi kumzika mtu wa Wodanga.

Kageha mwenyewe alikuwa kwenye kile kiti.
Sikujua. Nilidhani amekuja kunakili kitambulisho.
"Mashine imenikataa?" akauliza, bila hasira.
"Si wewe, mama. Ni nafasi."
"Nafasi," akasema, akikunja leso.
"Hata yeye alikuwa akisema hivyo."

Cha tatu nilikuwa nimekidharau tangu Jumatatu.
Hakina sura. Hakina ua hata moja,
herufi zake ni zile za barua za chifu,
na ukitaka mlango, uchonge mlango.
Mvua ya saa kumi ikaanza kugonga mabati,
stima ikapotea,
betri asilimia thelathini na moja.
Nikachonga orodha isiyo na kikomo: wake.
Nyingine: watoto, kila nyumba na wake.
Nyingine tena, ya waliotangulia,
maana Kageha alisema mtoto wake wa kwanza
hakufikisha wiki, lakini ni mtoto.

Amugune akanung'unika. "Hakina hadhi. Maua yako wapi?"
Nikamwambia hadhi nitaishona baadaye,
wiki mbili, labda tatu,
na bei itapanda.
Akatazama mvua.

Nikapandisha kwa bando langu.
Kavetsa alikuwa amejikinga mlangoni na beseni kichwani;
akafungua kwa simu ile ile yenye ufa.
Hata beseni hakulitua, ukurasa ulikuwa umefika.
Akasoma kwa kidole, polepole:
Imali. Kageha. Mama Busia.
"Huyu hana jina?"

Tukamgeukia Kageha, sote watatu.
Alinyamaza muda, akiangalia maji yakipita barabarani
na maganda ya ndizi.
"Nabwire," akasema.
Nikaanza kuandika.
"Kwa B," akasema, "si V.
Watu wa huku tunamwandika vibaya kila siku,
naye hupenda kununa."
Nikarudi nyuma herufi moja, nikarekebisha.
Asilimia kumi na tisa.
"Sasa soma tena," akamwambia Kavetsa.