Ushahidi wa Jumamosi

Jumamosi, jua halijafika ukuta wa Mama Nasoro,
naweka beseni mbili uani,
nakalia mbuzi ya nazi, kigoda kimevunjika mguu,
sabuni ya mche kulia, ndimu kushoto,
na sare zinaingia moja moja
kama mashahidi.

Mbaruku na dada yake wamesimama mlangoni.
Sijawaita. Sijawafukuza.

Shati la kwanza: zambarau.
Zambarau haijui kusema uongo.
Mzambarau ninaoujua mimi uko Raskazone,
na anayetoka shule kuja hapa Ngamiani
hapiti Raskazone hata akifungwa kitambaa machoni.
"Jumatano ulikuwa wapi?"
"Darasani."
"Darasani mmepanda mti?"
Mwantumu anachekea kiganjani.
Njia ya mwongo fupi; hii imeishia kifuani,
vidole viwili chini ya nembo.
Nakamulia ndimu, natia chumvi, namwachia jua kesi.

Wewe unayecheka, lete sketi.
Mafuta ya bajia kwenye pindo, duara kamili,
ukubwa wa sarafu ya mia mbili,
ile ile niliyokupa ya rula.
Nanyunyizia unga wa sembe, unywe mafuta kwanza.
Kicheko kimekatika.

Doa la bibo, kwapani, silisugui.
Shati lilikuwa la Kibwana, mtoto wa shangazi yao,
limekuja na doa lake kama mtu na kovu.
Bibo huzikwa na shati.

Kwenye mkono wa shati, tone la damu.
Hapa sauti yangu inashuka yenyewe.
Damu haitaki maji moto; moto huifunga
ikawa kutu ya maisha.
Inataka maji baridi na mkono wa taratibu.
Mama alinifundisha hivyo,
na sidhani alikuwa anazungumzia nguo tu.
"Mpira ulinipiga puani," anasema Mbaruku.
Namwamini. Damu ya pua huanguka wima.

Halafu sweta la buluu
(joto lote hili la Tanga,
lakini mwalimu mkuu kasema sare ni sare).
Nalikung'uta, naligeuza,
mkono unanifia hewani.
Begani, kwa nyuma: kiganja cha chaki.
Vidole vitano, vyeupe, hakuna kilichokosekana.

Mgongo wangu ulihukumu kabla yangu.
Nao ulisoma shule, unakumbuka mikono.
Nilikwisha jifunga kanga kiunoni
kumfuata huyo Mwalimu Shemdoe hadi kwake,
na povu langu hadi viwikoni.

Nikarudi. Nikalitazama
kama ninavyotazama doa lolote.
Kofi hukokota. Kofi huwa na mkia,
chaki ikaburuzika, vidole vikachanganyika.
Hiki kilitua. Kilitua kikakaa;
kati ya kidole na kidole buluu imebaki safi.

"Mwalimu alikushika bega?"
Anatazama ndara zake.
"Niliipata hesabu ya ubaoni. Ile ya sehemu.
Darasa zima, mimi tu."
"Mbona hukuniambia?"
"Hukuniuliza."

Kweli. Niliuliza zambarau.
Niliuliza pua.

Nguo zote zikapanda kamba.
Sweta nikalitundika msumarini, kavu,
halijaonja maji.

Jumatatu akarudishwa kwenye ukaguzi:
sweta lina vumbi, likasafishwe.
Nilikuwa naosha vyombo.
Nikalikung'uta pale pale mlangoni, mara moja tu,
chaki ikaruka kidogo ikaisha,
nikaweka mkono wangu begani mwake
bila kuufuta,
ukaacha kiganja kingine, cha giza, cha maji,
kilichokauka, nadhani,
kabla hajavuka barabara ya kumi na nne.