Sikio la Kuazima

Saa kumi na mbili na robo, Jumamosi ya tatu ya Septemba,
tumesimama watu tisa kwenye maegesho ya changarawe
nyuma ya mtambo wa maji, Ziwa Michigan likipumua kushoto kwetu
kama mtu aliyelala na viatu.

Bernadette Kuczmarski anatugawia darubini za kuazima,
anatuhesabu kwa kidole kama barua.
Miaka thelathini na mmoja alisambaza posta mitaa ya kusini ya Racine;
aling'atwa na mbwa kumi na wanne,
na hakuna, anasema, hata mmoja aliyemchukia.
"Leo tunaowatembelea hawana anwani. Twendeni polepole."

Mimi ndiye karani. Nina penseli, kibao,
na orodha ya majina yenye visanduku vitupu.

Usiku upepo uligeuka, ukavuma kutoka kaskazini,
na wote waliokuwa wakiungoja kule Kanada
wakaupanda gizani.
Alfajiri ziwa likawatema.
Sasa wamo vichakani, gramu sita sita za manyoya na njaa,
wanadonoa visubi chini ya majani,
hawana muda na sisi.

Kitwitwi watatu wanalikimbia wimbi, wanalirudia, hawaligusi.
Shakwe wote wameuelekea upepo
kama wanaosikiliza hotuba ya mtu wasiyempenda.
Delmar Oestreich, ambaye huja kwa ajili ya kahawa,
anasema shakwe ni yule yule tangu mwaka sabini na moja.
Naandika: shakwe, mia mbili na kitu.
Bernadette anachungulia begani kwangu.
"Kitu si hesabu."

Tulipofika kwenye misonobari ndipo ulipokuja mlio,
sii, sii, sii,
mwembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano.
Sote tuliusikia. Tulimtazama Bernadette.
Bernadette alikuwa akimtazama Kiab Lor.

Kiab ana miaka tisa na koti la kaka yake.
Huletwa na bibi yake, abakiye garini akitarizi.
Hasemi sana.
Kichwa chake kiligeuka, kidogo tu: juu, kulia;
darubini ya Bernadette ikakifuata.
"Pale. Tawi la pili. Mnaiona taji yake ya dhahabu?"
Tukaiona. Tukanong'ona: mama huyu ana masikio!

Mara ya tatu nilianza kuelewa.
Mara ya nne nilimwona mtoto akisubiri,
ahakikishe kwanza kwamba anatazamwa,
ndipo ageuze kichwa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu;
juu ya mkuu asiyesikia, walinyamaza.
Walisema pia nguo ya kuazima haisitiri matako.
Nami Jumamosi hii nimeliona sikio la kuazima
likimsitiri mtu mzima
kutoka misonobarini hadi gatini.

Sikuandika. Halina kisanduku.

Kisha kozi akapita, chini chini, akiufagia ufuo,
na kila kichaka kikaziba mdomo.
Hakuna sii. Hakuna jani. Delmar mwenyewe kimya,
kikombe kikiwa njiani.
Kwa dakika moja nzima
sote tulisikia sawasawa na Bernadette.

Saa tatu alikusanya darubini, akizifuta kwa pindo la shati.
Ya Kiab aliipita kama hakuiona.
Bibi akafungua mlango wa gari, akauliza jambo kwa Kihmong;
mtoto akajibu kwa neno moja, akajifunga mkanda,
darubini bado shingoni.

Nikajumlisha juu ya boneti: aina arobaini na moja.
Nikatulia. Nikaongeza: na kitu.
Bernadette akaisoma orodha, akaichukua penseli yangu,
akaishika kitambo,
akanirudishia.