Dhiraa Saba

Watu wa Mambrui watakwambia bila kupepesa jicho:
Nabii Yunusi kalala hapa, nyuma ya simsim yetu,
dhiraa saba toka kichwani hadi miguuni.
Ukiuliza chewa alipitaje mchangani
mwendo wa saa nzima toka pwani,
utaokotewa kombe shambani: "Na hili je?
Bahari ilikuwa hapa. Ikarudi kwao."
Ukitaja Ninawi, utajibiwa Ninawi ni mbali
na maiti hachagui.

Tena kuna mumunye. Kila masika huota palepale,
hutambaa juu ya mawe, majani mapana kama viganja.
Nani kaupanda? Hakuna aliyeupanda.
Basi.

Alhamisi huja wanawake wa mjini, mabuibui yamefukizwa udi,
humwaga marashi upande wa miguu,
huomba mimba, viza, mume aache mirungi.
Bi Thureya, wa kina Mselem, hubusu jiwe la mwisho.
Mimi huwapa maji ya kunywa, nikanyamaza.

Bibi aliniambia mara moja tu,
tukichagua mchele, bila kuinua uso:
aliyelala pale ni Sikudhani,
aliyenunuliwa kwa majora mawili ya kaniki,
akapalilia mtama wa kina Mselem
hadi mgongo ukakataa kunyooka.
Alipokufa walisema makaburini hapana nafasi.
Nafasi ilikuwepo. Mbuzi walikuwa wakilala humo.

Mwanawe, Farjala, akamzika ukingoni mwa konde,
na kwa kuwa jembe halina haya
kila usiku akaongeza jiwe,
dhiraa nne zikawa tano, tano zikawa saba.
Asubuhi moja akaingia msikitini akitetemeka:
"Nimeoteshwa."
Jembe likapita kando. Hata leo lapita kando.

Juzi kaja mpimaji wa ardhi, jasho kwapani, ramani mkononi:
"Hili kaburi niliandike la nani?"
Bi Thureya alikuwa kapiga magoti, shavu juu ya jiwe.
Nikafungua kinywa. Jina likafika mpaka kwenye meno.
"Yunusi," nikasema.
Akaandika, kwa penseli.

Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya.
Walipoondoka wote nikafungua upindo wa leso,
nikahesabu mbegu tisa za mumunye,
nikazifukia upande wa kichwa,
kina cha kidole kimoja,
kama alivyonionyesha bibi.