Mkunga wa Ukuta wa Nyuma

Mimi ndiye mshika funguo za shule hii,
mwaka wa thelathini na moja sasa,
na mvua ya Galisia naijua kwa sauti:
ya kupita, ya kukaa, na ile inayohamia
kama mkwe asiye na nauli ya kurudi.

Mwezi wa tatu mwalimu Iria aliniomba ngazi.
Darasa lake la sita lingechora mkunga
ukuta wa nyuma, mita kumi na nne,
kichwa mlangoni, mkia jikoni,
ili waujue mto kabla haujasahaulika.
Nikasema ngazi ipo, ina kipago kimoja kibovu.

Wakaanza na kichwa. Buluu iliyoiva,
buluu ya dukani, mikebe minane.
Brais alipima jicho kwa sahani ya chakula.
Antía alisoma daftarini kwa sauti:
huzaliwa baharini, mbali, hakuna aliyeshuhudia;
hutufikia mwembamba kama uzi, mwili kioo,
moyo unaonekana ukidunda.
Mkunga asiye na mkunga wa kumpokea,
nikawaza, nikacheka peke yangu.

Saa sita waliosha brashi kwenye karo la uani.
Maji yakageuka mbingu, yakazunguka, yakazama.
Uxía, yule mdogo anayezungumza na viatu vyake,
akainua uso: "Mzee Amaro,
maji haya yanakwenda wapi?"

Nina ufunguo wa kila mlango,
ila kwa swali hilo kinywa kiligoma kufunguka.
Bomba lile nililizika mimi, kiangazi kimoja,
na fundi aliyetaka kumaliza kabla ya mechi.
Halifiki kwenye tangi. Linapita chini ya barabara,
chini ya duka la mikate, linatokea mtoni,
palepale vitoto vya mkunga vinapopumzika
kabla ya kupanda maji.

Nikamwambia.

Hakuna aliyelia. Brais aliuliza tu:
"Kwa hiyo tulikuwa tukimchora huku tunamnywesha rangi?"
Mwalimu Iria aliketi juu ya ndoo.

Wiki mbili ukuta ulibaki na kichwa bila mwili.
Wazazi walidhani pesa zimeisha.
Kumbe watoto wako kilimani wanachimba udongo,
wako jikoni wanaomba maziwa yaliyochacha,
wako kwangu wanadai makaa, masizi, majivu.
Rangi ilinuka jibini. Paka wa mtaa walifurahi.
Maji ya kuoshea tuliyaacha ndooni yatue,
mashapo tukayaanika juu ya magazeti.

Leo mkunga ana kichwa cha buluu
na mwili wa matope, rangi yake halisi,
na shingoni, rangi zinapokutana,
mstari umepinda vibaya.
Mkaguzi alishauri tupake upya, vifanane.
Uxía akamjibu hapana,
hapo ndipo tulipouliza.

Mimi nimechukua sururu.
Bomba lina mita arobaini.
Nimefika ya sita,
na mvua ni ile inayohamia.