Digrii Nne

Atsango hakuuliza gari linaumwa nini.
Aliuliza, "Unataka nguvu wapi, chini au juu?"
Nikajibu kama mtoto mbele ya duka: kote.
Akafuta mikono kwa kipande cha shati la shule.
"Kote ni kwa Mungu. Hapa ni Kariobangi."

Gari nililiachiwa na binamu
aliyelikimbiza usiku mpaka likachoka naye.
Siku hizi linabeba mikate, kreti thelathini,
kutoka tanuri la Dagoretti saa kumi alfajiri
hadi maduka ya Ngong.
Kwenye mlima wa Embulbul linakohoa.
Narudi gia ya pili, narudi ya kwanza,
punda wa maji wananitazama kwa huruma.

"Sisi tunaishi juu," fundi akasema,
"na hewa ya juu ni uji wa mgonjwa.
Sasa hapa, mlango wa kuvutia unachelewa kufungwa.
Pistoni imeshaanza kupanda,
na pumzi iliyovutwa kwa shida
inatokea pale pale ilipoingilia.
Tuufunge mapema. Kidogo tu."

Kasiva akafungua kifuniko.
Nilikuwa sijawahi kuziona:
nundu kumi na sita zinang'aa kwa mafuta,
nane za mvuto, nane za moshi,
kila moja ikingoja zamu ya kusukuma mlango wake.
Kranki mara mbili, kamshafti mara moja.
Kranki mara mbili, kamshafti mara moja.
Aliyasema hayo huku akilegeza bolti,
kama mtu anayehesabu kushona.

Kipimo chao kilikuwa kifuniko cha ndoo ya rangi,
kimechorwa digrii mia tatu na sitini
kwa bikari ya binti yake wa darasa la saba.
Sindano yake, waya wa henga.
Gia ikasogezwa mbele, upande iendako,
chini ya upana wa ukucha:
digrii nne za kranki, mbili tu za kamshafti.
Niliona aibu kulipia kitu kidogo hivyo.

Hawakuwasha.
Kwanza mkono, mizunguko miwili, spana ndefu, polepole.
Wa kwanza ukapita.
Katikati ya wa pili, spana ikagota.

Jirani alikuwa akisaga chuma; hata yeye alinyamaza,
au ni mimi niliyeacha kumsikia.
"Anayelazimisha," Atsango akasema taratibu,
"ananunua valvu."
Akarudisha nyuma. Akachungulia.
Mkanda ulikuwa umeruka meno mawili.
"Ni mimi," Kasiva akasema. "Nilikaza kabla ya kuuvuta."
Fundi hakusema kitu.
Alimrudishia spana, akaenda kununua chai.

Ilipowaka, saa kumi na moja jioni,
Atsango aliweka ncha ya bisibisi juu ya injini
akauma mpini kwa magego;
masikio yake yalibaki kiwandani, kwenye mashine ya kukata mabati.
Alifumba macho. Taya likatetemeka.
Kisha akatikisa kichwa, ile ya ndiyo.

Sitasema uongo. Barabarani kukinyooka,
nikifika mia moja na kumi, linakata tamaa,
na gari la maua linanipita likipiga honi.
Aliniambia. Nilichagua.
Lakini Embulbul, asubuhi ile, gia ya tatu,
mguu wangu ulikuwa ukingoja kushuka
na haukuitwa.
Punda nikawaacha kwenye kioo, wakiwa wadogo.

Mwenye duka alitoka na funguo mkononi.
"Leo umewahi, hata mlango sijafungua."
Nikamwambia siri ni mlango mwingine,
unaofungwa mapema.
Hakuelewa. Alihesabu kreti: ishirini na tisa.
"Moja iko wapi?"

Kariobangi, nikasema.
Wanaila na chai.